Ngozi ya Shingoni: Kisa cha Bunduki ya Babu

Mwalimu alikuja kwangu Kihesa mwezi Mei, baridi ya Iringa ndiyo kwanza inaanza kuuma, amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye kanga ya shangazi yake. Alikifungulia juu ya meza ya randa. Ilikuwa mbao ya bunduki, kuanzia kitako hadi pale mkono wa kushoto unaposhika, bila chuma chochote. Nusu ya nyuma inang'aa kama kabati la bibi harusi. Nusu ya mbele nyeusi kwa mafuta na jasho la miaka. Katikati, kwenye shingo, pale kiganja kinapokamata, palikuwa na mkanda wa ngozi mbichi iliyokauka ikawa ngumu kama pembe, umeshonwa upande wa chini kwa uzi mnene.

"Fundi, nataka uivue hii ngozi, uzibe ufa, halafu uimalizie vanishi. Iwe mpya."

Maombi matatu. Tulilotimiza ni moja, la ufa, na hilo nalo lilichukua miezi saba.

Bunduki ilikuwa ya babu yake, aliyefanya kazi kwenye mashamba ya chai Mufindi na baadaye akawa mtu wa kuitwa na vijiji nguruwe pori wanapomaliza mahindi. Alipofariki mwaka 2016 familia iliipeleka polisi, ikakaa huko mpaka mirathi ilipopita mahakamani na Mwalimu akapata leseni kwa jina lake. Miaka mitatu ya barua ya mtendaji, hati ya msimamizi wa mirathi, fomu, picha, njoo kesho. Ilipotoka tu, akampa fundi mmoja wa fanicha aliyemwambia ataipendezesha kwa siku mbili. Siku ya kwanza yule fundi alipiga msasa kitako na juu ya chuma, akapaka vanishi nyuma. Siku ya pili alitaka kukata ngozi kwa kisu cha kapeti. Shangazi, ambaye alikuwa amekwenda kuangalia tu, akapiga kelele mpaka majirani wakatoka.

Mimi ni seremala. Vitu vya kale ni burudani yangu ya Jumamosi: saa za ukutani, redio za mbao, viti vya wazungu waliohama. Fundi bunduki siyo mimi, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina utani na mtu anayefanya kazi ya silaha bila leseni ya kazi hiyo. Tukakubaliana mapema: mbao ni yangu, chuma ni chake. Mwalimu aliuliza kituoni kwanza kuhusu mbao kubaki kwangu, wakaona hakuna tatizo. Chuma kikija, kinakuja naye pamoja na leseni, anakishika yeye, anaondoka nacho. Hakikulala kwangu hata usiku mmoja.

Jumamosi iliyofuata akaja nacho. "Kamwene," nikamsalimia kwa Kihehe, naye akaitikia huku anageuza chuma chali mezani. Nilitaka kuona tumbo la mtutu, upande ambao mbao huuficha. Hapo ndipo bunduki inapotunza siri zake, kwa sababu jua, jasho na msasa havifiki.

Kwenye familia yao bunduki hii ni ya Lugalo. Kila nyumba ya hapa ina mtu aliyekuwepo Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe walipouvizia msafara wa kamanda wa Kijerumani, Emil von Zelewski, wakamuua yeye na sehemu kubwa ya askari wake na kuondoka na bunduki zao. Babu wa babu yake Mwalimu, inasemekana, alirudi na moja. Mimi mwenyewe nimelelewa na hadithi hizo, sikutaka kuwa wa kuzitia maji. Lakini bunduki za askari wale zilikuwa Mauser za mwaka 1871, za kupakia risasi moja moja, mtutu wa milimita 11, zenye baruti ya moshi mwingi. Hii iliyolala mezani ina kasha la risasi tano tumboni na bolti, lile komeo la chuma linalofunga risasi ndani, ya mfumo wa Mauser 98, uliopokelewa na jeshi la Ujerumani mwaka 1898, mwaka ule ule Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alipojiua ili asishikwe. Kwa hiyo hata bila miwani jibu lilikuwa linajulikana.

Nilipovaa miwani likawa wazi zaidi. Chini ya mtutu, pasafi kama jana, palikuwa na herufi B, G, U na N, kila moja imevikwa taji. Hizo ni alama za ukaguzi wa Kijerumani: mtutu umefyatuliwa kwa risasi ya nguvu kupita kawaida na haukupasuka, una mifereo ndani, ile michirizi inayoizungusha risasi, umekaguliwa baada ya hapo, na umejaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Pembeni: 5.27. Mei 1927. Juu, kwenye uso uliosuguliwa, lilibaki neno moja linalosomeka, Suhl, mji wa mafundi bunduki kule Thuringia. Na kipimo cha risasi: 9.3x62, yaani risasi ya milimita 9.3 kwenye ganda la urefu wa milimita 62.

Kipimo hicho kina historia inayotuhusu. Kilibuniwa mwaka 1905 na Otto Bock, fundi bunduki wa Berlin, kwa ajili ya walowezi na wawindaji wa makoloni ya Afrika. Bunduki za Kiingereza za mitutu miwili ya kuua nyati zilikuwa na bei ya shamba. Bock alitafuta risasi nzito itakayoingia kwenye Mauser ya kawaida bila kuirefusha tumbo, mlowezi wa kipato cha kati aimudu. Ilienea haraka, na mpaka leo viwanda vya Ulaya bado vinaitengeneza. Ilifikaje Mufindi na kwa mikono ya nani, hakuna karatasi. Wajerumani wengi wa nyanda hizi walikamatwa vita vilipoanza mwaka 1939 na mali zao zikawekwa chini ya msimamizi wa mali za adui, na vitu vingi vilibadilisha mikono enzi hizo. Babu alisema aliinunua kwa mzungu aliyekuwa anafunga mizigo. Basi.

Alama ya mwisho chini ya mtutu ilikuwa namba ya silaha. Mwalimu akasoma kwa sauti huku mimi nimeshika leseni. Namba ya tano, leseni ilisema 3. Chuma kilisema 8.

Tulinyamaza. Tukageuza chuma. Juu, kwenye duara la mbele ya bolti, namba hiyo hiyo ilikuwepo, lakini msasa ulipita juu yake na upande wa kushoto wa ile 8 haukuonekana. Kutu ilikuwa imeshaanza kazi kabla ya hapo. Mtu aliyeandika leseni ya kwanza, miaka mingi nyuma, alisoma 3, na kila karatasi iliyofuata ikanakili. Sasa fikiria: mtu ana leseni ya bunduki ambayo haipo, na ana bunduki ambayo haina leseni, na namba ya juu inaonekana kama imefutwa kwa makusudi. Kufuta namba ya silaha ni kosa la jinai. Yule fundi wa fanicha, kwa nia njema kabisa na msasa wa shilingi mia tano, alikuwa amebakiza dakika kumi hivi amfunge mwalimu wa shule.

Kazi ya chuma ilisimama hapo hapo. Nilimwambia arudishe skrubu, afunge, aende kituoni Jumatatu mwenyewe kabla hajaitwa. Alikwenda, akaeleza, wakaifungua mbele yake na kuipiga picha chini ya mtutu. Kusahihisha kumbukumbu kulichukua miezi minne. Kama ile namba ya chini nayo ingekuwa imepigwa msasa, sijui tungeanzia wapi.

Miezi hiyo minne mbao ilirudi kukaa kwangu, na ndipo nilipoielewa. Ni mti wa mjozi wa Ulaya, wenye mistari ya moshi ndani yake, laini kukata kuliko mninga wetu. Vanishi niliitoa kwa kukwangua na kipande cha kioo kilichovunjwa upya, njia ya mafundi wa zamani, inatoa nyuzi nyembamba za vanishi bila kula mbao. Msasa sikugusa. Mibonyeo ya kitako niliinyanyua kwa kitambaa kibichi na ncha ya pasi ya moto; mvuke unaingia, nyuzi zilizokandamizwa zinavimba na kurudi. Mkwaruzo uliokata nyuzi haurudi, na minne ya aina hiyo bado ipo, sambamba, kana kwamba bunduki iliburutwa kwenye mwamba.

Upande wa mbele tatizo lilikuwa mafuta. Mtu akipaka chuma mafuta kila wiki na kuisimamisha pembeni, mafuta yanashuka na kuingia kwenye mbao, na baada ya miaka arobaini mbao inalainika kama mkate. Gundi haishiki hapo. Mwalimu aliniletea chaki za shule, nikazisaga, nikachanganya na asetoni mpaka ikawa uji, nikaupaka ndani. Asetoni inayeyusha mafuta, chaki inayanyonya inapokauka. Mara ya kwanza uji ulitoka na rangi ya chai ya rangi. Mara ya tano ulitoka mweupe.

Kisha ngozi. Shangazi alikuja mwenyewe siku hiyo, akakaa kwenye kigoda, akainusa kwanza kabla ya kuishika.

"Mimi ndiye niliyeshika uzi," akasema. Alikuwa msichana mdogo. Baba yake alirudi porini na bunduki imepasuka shingo, akaloweka ngozi ya ng'ombe usiku kucha, asubuhi akaivuta juu ya shingo ikiwa imelegea kama kitambaa, yeye akikaza uzi mpaka vidole vikamtoka damu. Wakaianika kivulini. Ngozi mbichi ikikauka inajikunja kwa nguvu ambayo hakuna kamba inayoifikia. Ule ufa ulijifunga wenyewe. Kwa shamba la Mufindi, bila gundi yoyote ya maana, hiyo ni kazi ya fundi. Bunduki iliendelea kupiga nguruwe mpaka mwaka 1973 serikali ilipopiga marufuku uwindaji.

Nikamuuliza kuhusu Lugalo, taratibu. Akanitazama kama mtoto. "Mimi sikusema bunduki hii, mwanangu. Nilisema babu yake baba alikuwepo. Bunduki ni vijana ndio walioiunganisha."

Mwalimu akacheka sana, kisha akauliza jambo ambalo lilikuwa linamsumbua tangu utotoni: kwa nini babu, kila akirudi porini, alikuwa anamimina birika zima la maji ya moto ndani ya mtutu? Nyumbani walijua ni dawa. Watoto walikatazwa kukanyaga maji yale. Dawa kweli ilikuwepo, ila ya kutu. Risasi za zamani zilikuwa na kiwashio kinachoacha chumvi ndani ya mtutu baada ya kupiga. Chumvi inavuta unyevu, na ukungu wa Mufindi hauhitaji kuvutwa mara mbili. Mafuta hayayeyushi chumvi. Maji ndiyo huyeyusha, na yakiwa ya moto chuma kinakauka upesi chenyewe. Mtu fulani alimfundisha mzee, au aliona kwa mzungu wake, na alilifanya bila kukosa mpaka watu wakaliona tambiko. Mtutu wa karibu miaka mia bado una mifereo kwa sababu ya birika.

Baada ya hapo sikusikia tena habari ya kuivua ngozi.

Ila ufa bado ulikuwepo chini yake, ukitokeza nyuma ya mkanda kama sentimita moja. Kuziba bila kujua ulianzaje ni kupaka poda juu ya jipu. Risasi ya bunduki hii ina gramu 18.5 hivi, ile ya AK-47 haifiki 8. Uzito huo ukisukumwa mbele, chuma kinarudi nyuma kwa kishindo, na kishindo hicho kinapaswa kupokelewa mahali pamoja: ukuta wa mbao nyuma ya donge la chuma lililo chini, mbele ya kasha la risasi. Sisi tuliliita kisigino. Nyuma kabisa kuna mkia mwembamba wa chuma unaolala juu ya shingo, na huo haupaswi kusukuma chochote. Kisigino kikikosa pa kuegemea, mkia unageuka kabari na kupasua shingo kama shoka kwenye kuni.

Namba iliporekebishwa, mwezi Oktoba, Mwalimu alirudi na chuma. Tuliwasha kibatari, yeye akapitisha kisigino na mkia juu ya moshi mpaka vikawa vyeusi. Akavilaza kwenye mbao, akakaza skrubu mbili, akafungua. Nikamulika tochi. Kwenye ukuta wa kisigino masizi yaliacha doa moja kona ya kushoto, dogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Kulia hakuna kitu. Nyuma ya mkia, weusi mtupu.

Hapo kisa kilikuwa kimejieleza. Mbao iliyolegezwa na mafuta ilibonyea nyuma ya kisigino, chuma kikarudi kwa kipande cha milimita kila risasi, mkia ukapasua. Mzee alifunga jeraha vizuri sana, lakini kisu kilibaki ndani.

Ukuta niliuongezea kipande cha mpingo, unene wa milimita 3, masalio ya kinyago. Mpingo haubonyei. Nilikisugua kwa tupa, Mwalimu anapaka masizi, analaza, anainua, natoa tena nywele moja. Jumamosi tatu zilipita hivyo mpaka weusi ukaenea kushoto na kulia sawasawa. Nyuma ya mkia nilipitisha patasi na kutoa nusu milimita, nafasi ambayo huwezi kuiona ukifunga lakini ndiyo inayoamua kila kitu.

Ufa niliuingilia kwa ndani. Chini ya mkia, pale ambapo chuma hufunika, nilitoboa tundu la mshazari kuelekea kitako, la kuingiza kijiti cha shaba chenye nyuzi za skrubu, urefu wa sentimita 6. Kisha nikajaza gundi ya araldaiti ya kimiminika kwa sindano ya duka la dawa, nikiivuta ipite ndani ya ufa. Ngozi ya mzee ndiyo ilikuwa jiriwa langu. Sikuhitaji kubana na kitu kingine. Araldaiti kwa baridi yetu inachelewa kama basi la usiku, kwa hiyo mbao ililala karibu na jiko la mkaa, mkono wangu ukiwa kipimajoto. Mwisho wa ufa, kwenye mbao iliyo wazi nyuma ya ngozi, nilichora mstari mmoja mwembamba wa penseli.

Kumalizia kulikuwa rahisi kuelezea na kuchosha kutenda: mafuta ya linsidi yaliyochemshwa, tone dogo kwenye kiganja, sugua mpaka kiganja kipate moto, acha siku mbili, rudia. Mara tisa. Kosa langu la kijinga lilikuwa hapo. Jioni moja nilikunja kitambaa chenye mafuta hayo na kukitupa kwenye ndoo ya maranda. Linsidi haikauki kama maji, inaungana na hewa, na kuunganika huko kunatoa joto. Kikikunjwa, joto halina pa kutokea. Saa mbili usiku mke wangu aliuliza ni nani anachoma makaratasi. Ndoo ilikuwa inatoa moshi, kitambaa kimekuwa kahawia katikati. Tangu siku hiyo vitambaa vyangu vinaanikwa nje kwenye waya, kimoja kimoja.

Chuma Mwalimu alikisafisha mwenyewe, kwa mafuta mepesi na waya laini kabisa wa mafundi, siyo stilwaya ya kusugulia masufuria, na tulisimama kutu nyekundu ilipokwisha. Alinisihi tukipake weusi upya. Nikamweleza kwamba weusi wa zamani wenyewe ni kutu: chuma kinaachwa kishike kutu, kinachemshwa kwenye maji safi, nyekundu inageuka nyeusi, kinafutwa, kinarudiwa mara nyingi. Inawezekana kabisa, hata kwa maji yetu ya Iringa yanayochemka kwenye nyuzi 95 hivi kwa sababu ya mwinuko. Lakini ni kazi ya mwenye leseni, na ingeanza kwa kulainisha uso wenye ile 8. Akaacha.

Mwezi Desemba, kwa utaratibu aliopewa kituoni, aliipeleka kwa fundi bunduki mwenye leseni Dar es Salaam. Yule alipima bolti na chumba cha risasi, akaona vijishimo vya kutu karibu na mdomo wa mtutu, akasafisha vifyatulio viwili ambavyo Mwalimu siku zote alidhani ni vya mitutu miwili. Cha nyuma kumbe kinatega cha mbele kiwe chepesi. Wakaenda uwanja wa shabaha, wakapiga risasi tano. Fundi yule, Mwalimu aliniambia kwa simu, aliuliza nani ameacha ngozi, halafu akasema hata yeye asingeitoa.

Usiku huo nikapokea picha. Mwalimu alikuwa ameimulika shingo kwa karibu mpaka vinyweleo vya mbao vinaonekana. Ufa uko pale pale, haujaupita mstari. Akauliza kama sasa anaweza kuifuta ile penseli. Nikamjibu aiache, na anitumie picha nyingine mwakani.